Je, Wajua? Uzamivu wa Bahari na Uzamivu wa Vitabu, Kutoka Fuma Hadi Ukumbi wa Mahafali

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga mbele ya pwani kutoka Kismayo hadi Ras Kamboni, na Fuma ni miongoni mwavyo. Huko mtu anayejua kuzama huheshimiwa, kwa kuwa riziki nyingi iko chini ya maji. Toleo hili linamtazama mzamivu mwingine: aliyezama vitabuni nusu ya umri wake, akaibuka na shahada ya uzamili au ya uzamivu mkononi. Je, kazi ipo? Iko wapi? Na nani humvuta juu?

JINA LINAVYOSEMA

1. Je, wajua kwamba shahada ya juu kuliko zote ina jina la wavuvi? Uzamivu hutokana na kitenzi zama. Mzamivu wa kwanza katika lugha yetu ni yule anayejitosa chini ya maji kutafuta lulu, kambakoche au jongoo bahari. Watanzania huandika uzamivu, na Wakenya wengi huandika uzamifu. Herufi zinatofautiana, lakini mbizi ni ile ile.

2. Uzamili nao una undugu na neno la Kiarabu zamili, yaani mwenzako wa kazi au wa masomo. Vyuo vingine, hasa Tanzania, huiita shahada hiyo umahiri. Kwa hiyo lugha yenyewe imeshapanga safari: kwanza ingia katika kundi la wenzako, kisha zama.

3. Katika uvuvi wa lulu wa Ghuba, mzamivu hakuzama peke yake. Mpiga mbizi aliitwa ghais, na mwenzake aliyebaki chomboni ameshika kamba aliitwa saib. Ghais akiitikisa kamba, saib alivuta kwa nguvu zake zote. Bila saib, ghais mwenye pumzi ndefu kuliko wote angezama na asirudi. Mshike saib huyu moyoni, maana tutakutana naye tena.

4. Majina mawili ya huko, Fuma Iyu na Fuma Tini, ni somo kamili la isimu. Iyu ni juu, tini ni chini. Anayesema tatu kwa Kiswahili sanifu, Mbajuni humjibu chachu. Kibajuni huitwa pia Kitikuu, kutokana na nti kuu, yaani nchi kuu, bara lililo mkabala na visiwa. Mtoto wa Fuma huyajua haya kabla hajafika shuleni. Kuna watu wazima waliosomea haya haya miaka mingi vyuoni, wakapata vyeo.

FUMA KATIKA MAKTABA ZA WENGINE

5. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, Kismayo na visiwa vyake vikiwemo. Wakati huo huo, Mwingereza J. A. G. Elliott alikuwa akichapisha katika jarida la London makala kuhusu ziara yake visiwani humo, miaka ya 1925 na 1926. Visiwa vilibadilisha bendera, na habari zake zikaanza kukaa rafuni ng'ambo.

6. Mwanaanthropolojia Mwitalia Vittorio Grottanelli alichapisha mwaka 1955 kitabu kizito, Pescatori dell'Oceano Indiano, yaani Wavuvi wa Bahari ya Hindi. Wavuvi hao ni Wabajuni. Grottanelli alikuwa profesa wa chuo kikuu Roma. Wavuvi waliomfundisha majina ya nyavu, mitego na pepo walibaki na nyavu zao.

7. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza taasisi ya utafiti ya Waingereza katika Afrika Mashariki, alichapisha ripoti ya magofu ya pwani ya kusini mwa Somalia. Misikiti na makaburi ambayo watoto wa visiwani hucheza kando yake ilipewa maelezo na michoro, ikawa msingi wa tafiti za waliofuata.

8. Derek Nurse, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Memorial kule Newfoundland, Kanada, aliandika pamoja na Thomas Hinnebusch kitabu Swahili and Sabaki cha mwaka 1993. Humo Kibajuni ni shahidi mkubwa wa jinsi Kiswahili na ndugu zake walivyozaliwa. Newfoundland ni kisiwa cha baridi na barafu. Hata huko, matamshi ya Wabajuni yalimpa msomi kazi ya maisha.

9. Wenyeji wa pwani nao wamo katika orodha hii. Mwaka 1985 Mohamed Bakari, msomi wa Kenya, alichapisha Berlin kitabu kuhusu fonolojia na mofolojia ya lahaja za Kiswahili za Kenya, Kitikuu kikiwemo. Amefundisha vyuo vikuu Nairobi na baadaye Uturuki. Lahaja za nyumbani zilimfikisha mbali kuliko jahazi.

10. Mfano wa karibu zaidi na Fuma uko Barawa. Mohammad Imam Abasheikh, mzaliwa wa mji huo, alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1978 kwa kuchambua sarufi ya Chimwini, lugha ya mama yake. Yeye na mwanaisimu Charles Kisseberth walishirikiana miaka mingi, na mwaka 2004 kamusi yao kubwa ya Chimwini ikachapishwa Japani. Watu wa Barawa walitawanywa na vita, lakini maneno yao yamehifadhiwa na mtoto wa hapo. Abasheikh alizama, Kisseberth alishika kamba.

LUGHA ILIYOGEUKA AJIRA

11. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua hadi Lamu na Mombasa. Miaka ya 1990 kulikuwa na kambi yao Jomvu, Mombasa. Kutoka hapo baadhi walifika Uingereza, Uholanzi na Kanada. Huko waliulizwa swali ambalo babu zao hawakulisikia kamwe: unathibitishaje kwamba unatoka visiwa vya Somalia na si Kenya?

12. Jibu lilitafutwa masikioni. Nchi kadhaa za Ulaya humrekodi mwomba hifadhi akizungumza, kisha mchambuzi husikiliza na kuandika ripoti. Kwa Mbajuni kazi hii ni ngumu mno, kwa kuwa Kibajuni husemwa pande zote mbili za mpaka. Neno moja la Lamu au la Kismayo laweza kuamua kama mtu atabaki au atarudishwa.

13. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo wa uchambuzi huo. Lilisisitiza kwamba ufanywe na wenye sifa za kitaaluma katika isimu, na kwamba kuisema lugha peke yake hakumfanyi mtu mchambuzi. Maana yake ni hii: anayekijua Kibajuni tangu utotoni na pia ana shahada ya juu ya isimu ni mtu adimu, na anahitajika.

14. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu kuhusu ripoti za lugha zilizotumiwa katika kesi za waomba hifadhi waliosema wanatoka Somalia. Ilionya kwamba ripoti isipewe uzito bila kupima utaalamu wa aliyeiandika, na mchambuzi asivuke mipaka ya anachokijua. Shahada ya juu, katika chumba cha mahakama, ilipimwa kama mizani inavyopimwa sokoni.

15. Wapo pia waliokuwa saib wa wasomi bila wao wenyewe kuvaa joho. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo ndiye aliyetupa neno runinga, na watafiti wengi wa ushairi na lahaja za kaskazini walikaa barazani kwake kabla ya kuandika tasnifu zao. Nyuma ya shahada nyingi za Kiswahili kuna mzee aliyejibu maswali bure.

NGAZI YA CHUO KIKUU

16. Wengi husoma hadi juu wakiwa na ndoto ya kufundisha chuo kikuu. Tanzania, ngazi hiyo ina vidato vinavyojulikana: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mwenye uzamili huanzia uhadhiri msaidizi, na bila uzamivu havuki kwenda uhadhiri. Kupanda zaidi kunategemea machapisho, na miaka hupita.

17. Mlango wa ngazi hiyo una kizingiti. Vyuo vikuu vya Tanzania huomba wastani wa 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili. Kijana aliyeteleza muhula mmoja kwa ada au kwa msiba anaweza kukuta shahada yake halali haimfungulii mlango wa uhadhiri. Anayetaka njia hii aijue hesabu mapema, tangu mwaka wa kwanza.

18. Kenya, mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka sharti kwamba ndani ya miaka mitano wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu. Mwaka 2019 ulipofika, wengi hawakuwa nayo. Uhitaji ulikuwepo na tangazo lilikuwepo, lakini kuandaa mzamivu mmoja huchukua miaka, fedha na msimamizi mwenye muda.

19. Jambo linaloumiza ni kwamba uhaba wa wazamivu haumaanishi wazamivu wote wana ajira. Vyuo vingi vya Kenya hutegemea wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa somo au kwa saa, na malipo mara nyingi huchelewa. Mtu anaweza kufundisha vyuo vitatu kwa wiki moja, akapanda matatu tano, na asiwe na mkataba hata mmoja wa kudumu. Huyu amezama na kuibuka na lulu, kisha hakumkuta wa kumvuta chomboni.

20. Umri nao una saa yake. Matangazo mengi ya ajira za serikali ya Tanzania huwataka waombaji wasiozidi miaka 45. Aliyeanza shahada ya kwanza akiwa na miaka 30 kwa sababu ya vita au ukimbizi, akaendelea hadi uzamivu, anapomaliza saa hiyo inakaribia kugonga.

21. Aliyesoma nje ana hatua moja zaidi. Kwa Tanzania, shahada ya chuo cha ng'ambo hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili itambuliwe. Wengi huikumbuka hatua hii siku ya usaili, wakati bahasha ya kaki iko tayari na muda umekwisha.

22. Wazamivu wako wangapi duniani? Katika nchi tajiri za OECD, wenye uzamivu ni kama asilimia 1 tu ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Hata huko wengi hupita kwanza mikataba mifupi ya utafiti wa baada ya uzamivu kabla ya kupata kiti cha kudumu. Anayedhani mahangaiko haya ni ya Waafrika peke yao ajue kwamba foleni hiyo ni ya dunia nzima.

SOMALIA: MILANGO ILIYOFUNGWA NA ILIYOFUNGULIWA

23. Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia kilifungwa vita vilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikafunguliwa tena mwaka 2014. Kwa zaidi ya miaka 20 taifa halikuwa na chuo kikuu cha serikali Mogadishu. Mtoto aliyezaliwa Fuma mwaka vita vilipoanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku milango ilipofunguliwa.

24. Kabla ya vita, vitivo vingi vya chuo hicho vilifundisha kwa Kiitaliano. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, kikawa lugha ya shule. Hebu mfikirie kijana wa visiwani wa wakati huo: Kibajuni kwa mama, Kiarabu chuoni kwa maalimu, Kisomali darasani, Kiitaliano kwenye ukumbi wa mihadhara. Kabla hajapata shahada moja alishapita mitihani ya lugha nne.

25. Pengo lilizibwa na watu waliojichangisha. Chuo Kikuu cha Mogadishu kilianza mwaka 1997, Amoud cha Borama mwaka 1998. Kismayo, mji ambao visiwa vya Wabajuni huutazama kama bandari na soko lao, nao una chuo kikuu chake, kilichoanzishwa mwaka 2005. Kila chuo kipya ni darasa jipya, na pia ni mwajiri mpya wa wenye uzamili na uzamivu.

26. Hassan Sheikh Mohamud alisoma uzamili wa elimu ya ufundi huko Bhopal, India, akamaliza mwaka 1988. Nchi ilipovunjika hakusubiri tangazo la kazi. Mwaka 1999 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SIMAD, chuo cha utawala na maendeleo Mogadishu. Mwaka 2012 akachaguliwa rais wa Somalia, na mwaka 2022 akachaguliwa tena.

27. Kati ya 2018 na 2021, rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, alikuwa Msomali: Abdulqawi Ahmed Yusuf, mzaliwa wa Eyl, mwenye uzamivu kutoka Geneva, aliyewahi kufundisha sheria katika chuo kikuu cha taifa nyumbani. Mahakama hiyo ndiyo iliyotoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021. Mstari huo unaanzia pwani karibu na Ras Kamboni, kwenye maji ambayo mvuvi Mbajuni huyapita kwa kufuata nyota na upepo. Wanasheria na wapima bahari waliobishana juu yake ni watu wa shahada za juu.

28. Kongamano la Arta, Djibouti, mwaka 2000 lilipanga kugawa nafasi za siasa Somalia kwa kanuni ya 4.5: koo nne kubwa zipate fungu kamili kila moja, na jamii zote za wachache zigawane nusu. Wabajuni wamo katika nusu hiyo. Kwa hiyo msomi wa Fuma akiomba kazi serikalini huulizwa maswali mawili, na moja halihusu shahada yake. Jambo hili ni dhuluma kwa elimu, na lafaa lisemwe wazi.

29. Mpango wa MIDA wa Shirika la Kimataifa la Uhamaji, IOM, huwarudisha kwa muda Wasomali wenye taaluma walioko ng'ambo, wafanye kazi katika hospitali, vyuo na wizara. Tawi lake la Finland, MIDA FINNSOM, lilianza mwaka 2008. Daktari au mhandisi anayeogopa kukata kamba yake ya Ulaya hupata nafasi ya kuja, kufundisha waliopo, na kupima kama atahamia moja kwa moja.

WALIOPITA NJIA NDEFU

30. Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1933, hakupata alama za kumwingiza Makerere. Alikuwa karani wa taasisi ya elimu mjini pale gavana wa kikoloni aliposikia hotuba yake ya Maulidi, na milango ya udhamini ikafunguka. Akapata shahada Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia mwaka 1961, uzamivu Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkosa kama mwanafunzi ilimpata kama profesa.

31. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akafanya kazi ya mhudumu wa hospitali Canterbury. Mwaka 1982 alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent, akaja kufundisha hapo hapo miaka mingi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Msomi anayesukuma vitanda leo asijione amefika mwisho.

32. Wangari Maathai alirudi Nairobi mwaka 1966 na uzamili wake na barua ya kuahidiwa kazi chuoni, akakuta nafasi amepewa mtu mwingine. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata uzamivu. Dada na binti zetu wanaokutana na mlango uliofungwa baada ya kuahidiwa, wajue nani aliupita kabla yao.

33. Bukavu, mashariki mwa Kongo, Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999. Uzamivu wake aliupata Brussels mwaka 2015, akiwa na miaka 60, kwa utafiti uliotokana na wanawake aliokuwa akiwatibu. Miaka mitatu baadaye akapata Nobel ya Amani. Kwake kazi ilitangulia, na shahada ikafuata.

34. Kwa wakimbizi, udhamini wa DAFI wa UNHCR na Ujerumani umekuwepo tangu 1992. Dadaab, tangu 2013, vyuo vya Kanada na Kenya, vikiwemo York na Kenyatta, vilileta masomo ya shahada hadi kambini. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, mradi sifa zake zitambuliwe na mamlaka za Kenya. Cheti kilichopotea vitani ni cha kutafutwa leo, kabla ya siku ya usaili.

BAHARI NI MWAJIRI

35. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, ilianza mwaka 1979. Chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, chenye makao yake Zanzibar, kilianza mwaka 1993, na Somalia imo katika eneo lake. Kwa kijana wa Fuma mwenye shahada ya viumbe vya bahari, hawa watatu ni majirani.

36. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza kiasi cha hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Wanakijiji walilinda miti, watafiti wa KMFRI wakapima, na fedha zikaingia kwenye maji na shule za kijiji. Pwani ya Wabajuni nayo ina mikoko, kama kule Birikau. Mikoko isiyopimwa haina bei katika soko hilo, na kuipima ni kazi ya msomi.

37. Wabajuni walikuwa na ufundi uliowashangaza wataalamu: kumvua kasa kwa samaki. Mvuvi alimfunga kamba mkiani samaki wa aina ya chazo, anayejibandika kwenye miili ya viumbe wakubwa, akamwachia. Chazo alimfuata kasa, akamganda, na mvuvi akavuta. Mwaka 1919 Mmarekani E. W. Gudger aliandika utafiti mzima kuhusu uvuvi wa namna hii duniani. Leo mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasa. Lakini mzee anayejua kasa hupita wapi na lini ana data ambazo mtafiti wa uhifadhi angelipa miaka kuzikusanya.

38. Tarehe 4 Machi 2024 Somalia ilikamilisha taratibu na kuwa mwanachama wa nane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane shahada. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe lugha yake rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Kwa mara ya kwanza tangu Italia ikabidhiwe visiwa mwaka 1925, Kiswahili cha mtoto wa Fuma kimekuwa sifa ya kazi katika jumuiya ambayo nchi yake imo.

39. Somalia sasa inahitaji walimu wa Kiswahili, wakalimani na waandishi wa mitaala, na inao raia waliozaliwa na lugha hiyo. Wanachokosa wengi wao ni karatasi. Mwaka mmoja au miwili ya uzamili wa Kiswahili, Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa, ungemgeuza mzungumzaji kuwa mtaalamu. Mbegu ipo, shamba lipo, mvua imeanza.

40. Na ukirudi juu kwenye orodha hii, angalia kamba. Mazrui alishikiwa na udhamini, Abasheikh na mwenzake wa Illinois, Gazi na wanakijiji wake, na Nabhany aliwashikia wengi. Shahada humpa mtu pumzi ndefu ya kuzama. Kazi hupatikana pale penye mtu juu aliyeshika kamba, taasisi, msimamizi, jumuiya au jirani, anayejua ulizama kutafuta nini.

Kijana wa Fuma unayefikiria uzamili: kabla ya kujaza fomu, mtafute saib wako na umweleze swali unalolifuata. Nawe mwenye cheo Kismayo, Mombasa, Zanzibar au Toronto, uliyeibuka salama zamani: chini kuna ndugu yako anazama. Kamba inatikisika. Ishike.